Tripu

Mimi hupima ardhi kwa tripu.
Kiwanja cha robo eka, matope ya magoti:
tripu sitini, na tano za kusawazisha.
Miaka tisa naendesha tipa la udongo mwekundu,
narudi kinyumenyume hadi matairi yakanyage mafunjo,
kisha navuta wenzo, na kilima kinalala juu ya maji
kwa sauti ya shuka inayofunikwa usoni.

Kaltuma alipofaulu darasa la saba
nikamwambia, chagua zawadi.
Hakutaka simu. Hakutaka viatu.
Akataka ndege.

Basi Mabamba, saa kumi na mbili asubuhi,
mtumbwi uliozibwa kwa lami na matambara ya gunia,
na Lwanyaga mwenye upondo, aliyenisikia nikimsalimu
akatabasamu upande mmoja:
"Kiswahili hicho cha kambini. Bombo?"
Bombo, nikasema. Babu alipiga tarumbeta huko.
Hakuuliza zaidi.
Nchini kwetu lugha hii hujulikana kwa buti zake.

Mfereji mwembamba kama njia ya mbuzi.
Mafunjo kulia, mafunjo kushoto, vichwa havijachanwa.
Kindege cha vidole virefu kikipita juu ya mayungiyungi
kama mtu anayekwepa mdai wake.
Lwanyaga alivua kamongo hapa. Zamani, alisema,
ukikutana na bbulwe kabla ya kutupa ndoano
unageuza mtumbwi, siku imekufa.
Wapo waliomuua kwa mkosi huo.
"Sasa mkosi ni siku asipoonekana.
Wageni wanaondoka na pesa zao."

Alikuwa amesimama.
Rangi ya saruji kabla haijakauka,
mdomo kama buti la babu lililobaki moja.
Hakutikisika; tuliotikisika ni sisi.
Kiswahili kinamwita korongo nyangumi,
kimemkopesha bahari asiyopata kuiona.

Kaltuma akaandika kwenye daftari: saa, mahali, idadi.
Idadi: mmoja.
Kisha akaniuliza polepole, kama anayeuliza bei,
"Baba, hapa pangejaa kwa tripu ngapi?"

Niseme kweli.
Jibu nilikuwa nalo.
Tangu gatini macho yangu yalikuwa yakihesabu yenyewe:
elfu kumi na moja, ukianzia upande wa barabara,
ukiacha njia ya maji,
na hakuna anayeacha.
Nikasema, "Sijui."
Lwanyaga alitazama upondo wake.
Ulikuwa umezama hadi kiganjani
na bado haujagusa chini.

Hapo ndege akaanguka. Sisemi aliruka:
alianguka kwa uso mzima, mabawa yakafuata,
akainuka na kamongo katikati ya majani na matope,
kamongo yule awezaye kulala kiangazi kizima
ndani ya tope kavu, akingoja mvua.
Juu yake ukimwaga tripu moja
anangoja nini?

Usiku wa Jumapili ikanyesha.
Maji yakaingia kwetu Bwaise bila hodi,
yakapanda hadi godoro.
Kitu cha kwanza Kaltuma alichokiweka juu ya kabati
ni daftari. Unga baadaye.

Alfajiri simu ikalia. Tajiri.
Nikaitazama ikikata, ikilia, ikikata.
Karo ya sekondari imo kwenye bahasha, nusu.
Mara ya nne nikapokea.
Kiwanja kipya, alisema, majimaji kidogo tu,
ukipiga tripu arobaini tunamwaga zege.

Nikauliza nisichowahi kuuliza kwa miaka tisa:
"Sasa hivi pana nini hapo?"

Akacheka.
"Hakuna kitu, bwana. Mafunjo tu."